Meno ya Dereva

Katika nyumba ile ya wazee, habari iliyoogopwa kuliko ugonjwa ilikuwa kuambiwa kwamba unarudi nyumbani.

Mgeni angecheka. Mzee gani hatamani kurudi kwake? Lakini wazee wa pale walikuwa wamewaona wenzao wakirudi. Mtu anakula chakula cha jioni na wenzake, anatania, anakwenda kulala, na asubuhi kitanda chake kimeshatandikwa shuka nyingine. "Ndugu zake wamemchukua," anasema Matroni. Hakuna aliyesikia gari. Hakuna aliyemwona ndugu. Na viatu vyake bado viko uvunguni. Nani anakwenda kwake peku?

Matroni huyo walimwita Mama Pole, nyuma ya mgongo wake na kwa sauti ya chini. Watu wengine husema pole baada ya jambo. Yeye aliisema kabla. Pole, babu, na kitasa cha ndani cha mlango wako kinang'olewa. Pole, bibi, na kamba ya kengele iliyo juu ya kitanda chako inafungwa huko ambako mkono wako haufiki. Hakuwahi kupaza sauti. Viganja vyake vilikuwa laini, na akikushika bega ulihisi baridi hadi kisigino.

Ukumbini, ukutani, palikuwa na bango la haki za wazee, limewekwa ndani ya fremu ya kioo. Haki ya kusikilizwa, haki ya faragha, haki ya kutoka na kuingia. Lilitundikwa siku ile mheshimiwa alipokuja kukata utepe na kusema kwamba wazee ni hazina ya taifa. Lilitundikwa juu sana, kwa herufi ndogo kama chawa, na waliotakiwa kulisoma walikuwa watu wenye mtoto wa jicho.

"Hazina kweli," Dereva alikuwa akisema. "Umeona wapi hazina isiyofungiwa?"

Dereva alikuwa mzee wa malori ya masafa marefu, mnene, mcheshi, mwenye mikono iliyozoea usukani mkubwa. Meno yake ya juu yalikuwa ya bandia, na moja la mbele lilikuwa la rangi ya dhahabu. Alimlazimisha fundi wa meno amwekee. "Si dhahabu," alimnong'oneza Bibi Simu siku moja, "lakini kwenye kona linawaka." Kabla ya kila mchezo wa drafti aliigonga meza kwa vidole, mara mbili upesi na mara moja kwa kuchelewa, ndivyo alivyokuwa akipiga honi kabla ya kona kali.

Bibi Simu ndiye aliyecheza naye. Alikuwa amefanya kazi kwenye swichibodi ujana wake wote, enzi za kuunganisha watu kwa waya na sauti. Mpaka uzeeni alisema maneno yake moja moja, yamenyooka, kana kwamba upande wa pili kuna mtu anayeandika. Akiitwa kwenye chakula huku anafikiria hatua ya drafti, alijibu, "Subiri, laini ina mtu," na meza nzima ilicheka.

Kisha siku moja Dereva aliinuka mezani, mbele ya wote, na kuuliza swali lake.

"Matroni, mlango wa chumba changu una komeo kwa nje. Mimi ni mtu au ni mzigo?"

Vijiko vilisimama.

"Pole, babu," alisema Mama Pole. "Naona umechoka. Jioni utaletewa chai."

Kesho yake Dereva alikuwa amerudi nyumbani. Mpwa wake amemchukua, waliambiwa. Bibi Simu alikwenda kwenye kitanda kilichotandikwa, akainama kwa shida, akaviona viatu viwili vikubwa, ulimi wa kimoja umetokeza nje. Aliinuka akiwa ameshika ukingo wa kitanda, na tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana.

Baada ya hapo alianza kusikia kitu kikigonga.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango wa upande wa nyuma. Zamani wazee walilala huko pia. Sasa ilisemwa kwamba upande huo umeharibika na unasubiri mafundi, na kabati kubwa la shuka lilisukumwa likauziba mlango wote. Mafundi hawakuonekana. Lakini kila siku mhudumu mmoja, waliyemwita Kwichi kwa jinsi soli zake zilivyolia sakafuni, alizungukia uani akiwa na ndoo mbili, moja yenye mfuniko na moja isiyo na mfuniko, akarudi nazo baadaye. Wazee waliziangalia zile ndoo kisha wakaangalia mikono yao.

Mlio wa kugonga ulitoka nyuma ya kabati. Kwanza Bibi Simu alidhani ni moyo wake mwenyewe. Aliketi karibu, akajifanya anashona kifungo. Mara mbili upesi, mara moja kwa kuchelewa. Kimya. Kisha tena.

Alimuuliza Mama Pole, kwa adabu zote.

"Mabomba hayo, bibi. Maji yakipita yanagonga."

Akauliza tena siku nyingine. Mama Pole alimtazama kwa muda mrefu, kwa huruma, na jioni yake mwanawe Bibi Simu akapiga simu.

"Mama, Matroni anasema umeanza kusikia vitu."

"Nasikia, mwanangu. Namsikia Dereva."

"Mama." Kwa mbali alisikika mtoto akilia na mlango ukifungwa. "Dereva amerudi kwao. Matroni anasema hali kama hii ikizidi, kuna chumba cha utulivu, watakuhamishia. Eti mwanzoni hawaruhusu wageni, mpaka mgonjwa azoee. Mimi nimemwambia afanye analoona jema."

"Mwanangu, nisikilize."

"Nakusikiliza, mama. Pumzika."

Laini ikakatika. Bibi Simu alibaki na mkono wa simu sikioni. Laini zilizowahi kukatika mikononi mwake hazina idadi, lakini hii ilimkatikia ndani.

Jambo baya zaidi ni kwamba aliamini kidogo. Mtu akiambiwa kila siku, kwa sauti ya upole, kwamba masikio yake yanamdanganya, mwisho huanza kuyaombea msamaha yale masikio. Akawa anakaa mbali na kabati. Akawa anaimba moyoni ili asisikie. Na hapo ndipo ubaya wa nyumba kama ile ulipo. Komeo la mlango unaweza kulipigia kelele. Wakishakutia komeo kichwani, kelele unampigia nani?

Wiki ile ile walimchukulia meno.

Kila jioni meno yote ya bandia yalikusanywa yakatiwa kwenye vikombe, kila kikombe kina plasta yenye jina, vikapangwa kwenye rafu ya chumba cha kufulia. Asubuhi yalirudishwa. Ya Bibi Simu hayakurudi. "Pole, bibi, yana ufa, nimeyaweka ofisini," alisema Mama Pole. Hayakuwa na ufa. Walionyang'anywa meno walikuwa wale wale wenye maneno. Bila meno, mwanamke aliyekuwa akisikika waziwazi kutoka mji mmoja hadi mwingine akawa anatoa pumzi na mate tu, na watu wakawa wanamjibu kwa kutikisa kichwa kama wanavyomjibu mtoto mchanga.

Siku ya wageni, Mama Pole alimjia asubuhi, akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Leo tuna wageni, bibi. Ofisa wa wilaya na mpiga picha. Utakaa pale dirishani, penye mwanga." Kisha akainama, pumzi yake ikanukia iliki. "Wakishaondoka, nawe unarudi nyumbani."

Jasho jembamba lilimtoka Bibi Simu mgongoni. Alitaka kusema kitu. Midomo ilikutana na ufizi, ikateleza.

Kwa kuwa kungekuwa na picha, ilitolewa amri kwamba kila mtu atabasamu na meno yake. Kwichi alikuwa na vyumba vya kupiga deki, madirisha ya kufuta na chai ya wageni ya kuchemsha. Hakuwa na muda wa kikombe kimoja kimoja. Alikwenda kwenye rafu, akamimina vikombe vyote kwenye beseni moja, akatia sabuni, akasugua meno yote kwa pamoja kama anaosha vijiko vya harusi. Kisha akaja na beseni ukumbini.

"Haya wazee wangu, kila mtu achukue yake. Upesi, gari liko njiani."

Nani anayajua meno yake yakiwa nje ya mdomo? Wakaanza kujaribu kama watu wanaochagua viatu vya mtumba.

"Haya si yangu, haya yanauma."

"Basi nipe mimi, yangu yanapwaya."

"We mzee, hayo uliyovaa ni ya kike."

"Wanawake wana meno yao? Niache nitabasamu."

Mama Pacha, aliyelala kitanda cha jirani na Bibi Simu na aliyeitwa hivyo kwa kuzaa pacha mara mbili, alikuwa wa mwisho kufika kwenye beseni. Akachukua yaliyobaki. Akayasukumia mdomoni, yakagoma, akayasukuma tena. Akamgeukia Bibi Simu na kutabasamu kwa tabu.

"Shoga, nimependeza?"

Mbele, katikati ya tabasamu, jino la dhahabu liliwaka.

Alinyoosha kidole. Mama Pacha alidhani anachekwa, akataka kucheka naye, kisha akaona uso wa mwenzake. Akayatoa meno, akayaweka kiganjani, akayaangalia. Wote wawili walilijua lile jino. Nyumba nzima ililijua.

"Si alichukuliwa na mpwa wake?" Mama Pacha alinong'ona kwa ufizi, maneno yakiteleza, lakini mwenzake alimwelewa.

Bibi Simu alitikisa kichwa polepole, kukataa. Mtu anaweza kusahau viatu. Anaweza kusahau hata jina lake. Lakini hakuna anayepanda gari la mpwa wake akaacha mdomo wake kwenye kikombe. Kikombe cha Dereva kilikuwa kwenye rafu siku zote, na Kwichi, kwa haraka zake, alikimimina pamoja na vingine bila kusoma plasta. Kwa hiyo Dereva yumo humu ndani. Kwa hiyo anayegonga ni yeye. Kwa hiyo akili yangu ni nzima.

Furaha ya kujua hivyo haikudumu. Kama Dereva yuko nyuma ya kabati, basi huko ndiko nyumbani, na jioni hii ni zamu yangu.

Gari lilisikika langoni. Mama Pacha akafunga kiganja. "Shoga, tunyamaze," alisema. "Mimi nina wajukuu. Wakinipeleka huko sitawaona tena. Tunyamaze, nakuomba."

Bibi Simu alimwekea mkono wazi mapajani. Mama Pacha aliutazama ule mkono, akatazama mlango ambako soli za Kwichi zilikuwa zinalia, akafumba macho, na kuyatia meno ya Dereva kwenye kiganja cha mwenzake.

Ofisa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye tai, mwepesi wa kucheka. Mpiga picha alikuwa msichana mwenye kamera mbili shingoni. Waliamkia kwa adabu, shikamoo babu, shikamoo bibi, huku Mama Pole akitembea kando yao na kuwatafsiria wazee ambao hawakuwa wamesema lugha ngeni.

"Huyu anashukuru kwa chakula. Huyu anapenda sana bustani. Huyu, maskini, ni wa kwenye simu zamani. Sasa kichwa kimeanza kumwacha. Anasikia sauti."

"Pole, bibi," ofisa akasema.

Bibi Simu alifungua mdomo. "Dereva," alisema. "Nyuma ya kabati kuna mtu." Ndivyo alivyosema, lakini kilichotoka kilikuwa upepo na mate.

"Anasema karibuni," Mama Pole akaeleza, akampangusa kidevu kwa leso yake.

Mpiga picha akainua kamera. Bibi Simu akainuka. Alishika chuma chake cha kutembelea, kile cha miguu minne, akaanza kwenda. Hakwenda kwa ofisa. Alikwenda kwenye kabati.

"Bibi, kaa," alisema Mama Pole, kwa upole ule ule. "Utaanguka."

Chuma kiligonga sakafu, kikaburuzwa, kikagonga tena. Nyuma yake alisikia kwichi, kwichi, kwichi. Alijua mkono wa Kwichi uko hatua chache kutoka bega lake. Hakugeuka. Alipofika aliunyoosha mkono na, kwa meno ya Dereva, akaligonga kabati. Mara mbili upesi. Mara moja kwa kuchelewa.

Kimya.

Mama Pole akacheka kidogo. "Unaona, ofisa? Ndiyo hali yenyewe."

Na mkono wa Kwichi ukatua begani. Bibi Simu alifumba macho. Yawezekana amekufa, aliwaza. Yawezekana nimechelewa, nilipokuwa naimba moyoni ili nisimsikie.

Nyuma ya kabati, mara mbili upesi. Mara moja kwa kuchelewa.

Ukumbi mzima ulisikia. Mkono wa Kwichi ulilegea.

"Nini hiyo?" aliuliza ofisa.

"Mabomba," alisema Mama Pole.

Bibi Simu aligonga mara tano, sawasawa, akangoja. Mara tano zikarudi, dhaifu, ya mwisho ikiburuzika.

"Mabomba yanajua kuhesabu?" alisema msichana wa kamera.

Ofisa alilegeza tai. Aliangalia mlango alioingilia, kisha saa yake, na usoni mwake Bibi Simu aliona kitu alichokijua vizuri. Naye alikuwa anaogopa. Aliogopa kuona, kwa sababu mtu akishaona itambidi afanye kitu. "Matroni," alisema, "labda tuandike kwamba mabomba yakaguliwe, kisha wiki ijayo..."

Hapo Mama Pacha aliinuka. Akaja akaweka viganja vyake kwenye ubavu wa kabati na kusukuma. Kabati halikutikisika. Akaja yule mzee aliyevaa meno ya kike. Akaja mwingine na mkongojo. Mmoja alikuwa analia waziwazi huku anasukuma, na hakuna aliyethubutu kumtazama Mama Pole. Kabati lilikwaruza sakafu, kidogo, likakwama. Msichana akasukuma kamera zake mgongoni, akaingiza bega.

Mlango uliojitokeza ulikuwa na makomeo mawili kwa nje, moja juu na moja chini, na mafuta mapya kwenye bawaba.

"Pole, wazee wangu," alisema Mama Pole kwa sauti ya chini kabisa. "Pole sana."

Msichana alivuta makomeo.

Harufu ilitoka kwanza. Palikuwa giza, madirisha yamepigwa mbao. Kisha macho yakazoea na wakaona vitanda, na juu ya vitanda watu, na watu hao walikuwa ni wale wote waliorudi nyumbani. Mmoja alijifunika uso kwa mikono kwa sababu ya mwanga. Wengine hawakugeuka. Dereva alikuwa sakafuni kando ya mlango, mgongo ukutani, amekonda mpaka mikono yake mikubwa ilionekana ya kuazima, vifundo vya vidole vimechubuka.

Bibi Simu alimfikishia kiganja. Dereva aliyaona meno yake, akayachukua, akahangaika nayo kwa muda mrefu mpaka yakakaa.

"Mmechelewa," alisema. "Kona hii ilikuwa kali."

Picha zilipigwa. Ofisa aliandika. Alisema jambo hili ni zito na litafikishwa panapohusika. Dereva akauliza kama anaweza kuondoka naye sasa hivi, ndani ya gari lile lile. Ofisa alisema utaratibu haumruhusu kumhamisha mkazi bila kibali, lakini watarudi, kesho au kesho kutwa. Msichana alimwambia, "Bosi, hatuwezi kuwaacha." Akamjibu kwamba hata yeye ana bosi wake. Waliondoka. Msichana aligeuka mara nyingi mpaka lango likafungwa.

Mama Pole alilifunga mwenyewe. Kisha akaja ukumbini akitembea polepole, akaangalia kabati lililopinda, mlango ulio wazi, wazee waliosimama wasijue waende wapi.

"Kwichi," alisema, "walete chai wazee wangu. Wamechoka."

Mama Pacha alivuta kiti, akakiweka katikati ya kizingiti cha mlango wa nyuma, akakikalia. Miguu yake ilikuwa haigusi chini. Bibi Simu akaleta chuma chake, akakisimamisha kwenye bawaba ili mlango usifungike, akaketi kwenye meza iliyo karibu. Dereva alikaa sakafuni kati yao, kwenye mwanga.

"Mtakaa hapo mpaka lini?" Mama Pole aliuliza, kwa upole.

Dereva alijibu, "Kwa zamu."

Trei ikaja. Soli zililia kutoka jikoni, zikapita meza moja baada ya nyingine, na vikombe vikawekwa, kila kimoja mbele ya mwenyewe. Cha Bibi Simu kiliwekwa na Mama Pole kwa mkono wake, akakigeuza ili mpini umwelekee.

Chai ilikuwa na mvuke. Bibi Simu aliitazama, akaikumbuka chai aliyoahidiwa Dereva jioni ile, akamtazama Dereva, akawatazama wenzake waliokuwa wanamtazama yeye. Alikisukuma kikombe hadi katikati ya meza. Mzee wa meno ya kike akakisukuma chake. Kisha mwingine.

Wakakaa hivyo, huku chai ikipoa, wakisikiliza kama kuna gari.